Sura ya Sita: Mwokaji Aliyetembea Kinyumenyume

"Uchi ni uchi," alisema mkuu wa kituo, akilisukuma jalada upande wa pili wa meza. "Mtu kavua nguo, mtu kamwona, kesi imekwisha. Tia saini hapo liende mahakamani."

Inspekta hakutia saini. Pale kituoni walimwita Kiwembe, na si kwa wembamba, maana mwili alikuwa nao wa kutosha na watoto watatu wa kuushuhudia. Alilifungua jalada akalisoma akiwa amesimama, kama mtu anayekagua mboga sokoni.

"Afande, wewe ukioga unavaa sare?"

"Hilo ni swali gani?"

"La kipelelezi."

Konstebo Mlingoti, aliyekuwa ameegemea mlango kwa sababu vizingiti vya juu havikuwahi kuupenda urefu wake, alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Mimi naoga bafuni kwangu," alisema mkuu wa kituo.

"Na huyu alikuwa uani kwake. Sheria haimkatazi mtu kuwa uchi kwake. Ingekataza, mahabusu ingejaa kila asubuhi, na ningeanza na wewe. Sheria inauliza mambo mawili. La kwanza, mtu aliye hadharani, njiani au dukani, angeweza kumwona bila kujihangaisha? La pili, kama hakuonekana hadharani, je, alijianika makusudi ili kumuudhi mtu? Ukikosa yote mawili, huna kosa. Una mtu na ngozi yake tu."

"Mlalamikaji kasema alikuwa njiani."

"Kasema. Nataka nikaione hiyo njia."

Mkuu wa kituo alitazama saa ya ukutani. "Una mpaka jioni. Na ujue, jalada likifika mahakamani watu wa leseni wanafunga tanuri lake siku hiyohiyo, hawangoji hukumu."

"Najua," alisema Kiwembe. "Ndiyo maana sijatia saini."

*

Harufu ya mkate iliwapokea kabla ya nyumba. Duka la Mwokaji lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, na nyuma ya kaunta palikuwa na dirisha pana lisilo na kioo, la kupitishia mikate kutoka uani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mke wa Mwokaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, alikuwa akifunga mikate kwenye karatasi bila kusimamisha mikono.

"Foleni, mama, foleni. Hata polisi wanakula mkate kwa foleni."

"Sijaja kula. Nimekuja kwa ile habari."

Mikono ya Mama Mikate ilisimama. Wateja wakanyoosha masikio.

Mzee mmoja mwenye miwani na mkoba wa ngozi, mwalimu wa shule ya jirani, hakungoja kuulizwa. "Inspekta, kama ni ile habari ya uchi, andika jina langu upande wa mtuhumiwa. Nanunua mkate hapa kila asubuhi. Kila asubuhi namwona mtu huyu na aproni yake nyeupe, imepigwa pasi, kutoka shingoni mpaka chini ya magoti. Uchi upi?"

"Umewahi kumwona akiwa hana aproni?"

"Sijawahi. Tena nitakwambia jambo. Ni mtu wa adabu za kale. Akishaleta trei pale dirishani, hamgeuzii mteja mgongo. Anarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka tanurini. Mimi nimefundisha vijana miaka yote hii, sijapata hata mmoja wa kunifanyia hivyo."

"Kweli kabisa," alisema mama mmoja nyuma yake. "Mume wangu nikimwita ananiitikia akiwa mlango wa pili. Lakini Mwokaji? Kinyumenyume, kama yuko mbele ya mfalme."

Kiwembe alimtazama Mlingoti. Mlingoti akainua nyusi. Konstebo huyo alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na nyusi zake zilikuwa zimeona mengi.

"Aproni ya mbele," alisema Kiwembe polepole, "na kurudi kinyumenyume."

Akainua ubao wa kaunta, akapita.

*

Uani palikuwa pasafi kuliko vyumba vya wagonjwa. Tanuri la matofali lilijengwa karibu na ukuta wa duka, lakini mdomo wake ulitazama upande wa pili, kule nyuma, ili moshi usiingie kwa wateja. Mtu anayeoka alisimama nyuma ya tanuri, uso wake ukielekea dukani, na mgongo ukielekea ukuta wa mwisho wa kiwanja. Nyuma ya ukuta huo ilisimama nyumba ya ghorofa moja. Upande wa kushoto ukuta mrefu uliutenga ua na kichochoro cha kupita watu.

Mwokaji alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, amevaa shati, koti na suruali mbili, moja juu ya nyingine. Jasho lilimtiririka.

"Umevaa kwa safari gani?" aliuliza Kiwembe.

"Afande, tangu waje kunichukulia maelezo navaa kila nilicho nacho. Sitaki makosa tena."

"Utakufa kwa joto nikuandikie jalada jingine. Vua koti. Koti tu! Sasa niambie. Ukioka, chini ya aproni unavaa nini?"

Mwokaji akatazama ardhi. Mkewe, aliyekuwa amewafuata, akamjibia. "Havai kitu."

"Kwa nini?"

"Muonyeshe, baba watoto."

"Nimuonyeshe nini, mama watoto, unataka kunifunga?"

"Kiuno tu!"

Akainua shati kidogo upande wa kushoto. Juu kidogo ya nyonga palikuwa na baka jeusi, pana chini na lenye ncha juu, umbo la pasi hasa.

"Nilivaa suruali ya kitambaa kile kinachong'aa," alisema. "Cheche ikaruka, kitambaa kikayeyuka kama nta, kikanigandia. Daktari alikibandua pamoja na ngozi yangu. Nikajaribu suruali za pamba, zikaloa jasho zikawa nzito kama gunia bichi. Nikasema, hapa nyuma hanioni mtu isipokuwa mke wangu, naye hana jipya la kuona."

"Wala halijawahi kuwa jipya sana," alisema Mama Mikate.

Kiwembe hakucheka, ila alichelewa kidogo kuuliza swali lililofuata. "Na huko kurudi kinyumenyume?"

"Sasa nitageukaje, afande, na watu wako dirishani? Tangu nianze sijageuka hata siku moja. Kuna mwalimu mmoja ananisifia adabu. Namwonea haya, lakini nitamwambia nini?"

Kiwembe alifungua jalada kwenye maelezo ya mlalamikaji. Mlalamikaji alikuwa mwenye ile nyumba ya ghorofa, mjane, ambaye mtaani walimwita Bibi Ghorofa. Alisoma kwa sauti. "'Nikiwa napita zangu katika kichochoro, nilimwona mtuhumiwa akiwa uchi wa mnyama, na kiunoni ana baka jeusi mfano wa pasi.'"

Mama Mikate akashika kidevu. "Baka kalijuaje?"

"Mna ugomvi naye?"

"Wa moshi. Aliwahi kulalamika tukaongeza bomba, yakaisha. Sisi tunasalimiana. Lakini mkate wetu hajawahi kununua hata siku moja. Anayekuja ni mkaza mwanawe."

Kabla ya kuliona baka lenyewe, Kiwembe alikuwa ameshaamini kwamba Bibi Ghorofa ametunga yote kwa sababu ya moshi. Sasa dhana hiyo ilianguka. Mtu hawezi kutunga baka lenye umbo la pasi likatokea mahali pake. Bibi alikuwa ameona, na ameona vizuri. Swali lilikuwa moja tu. Ameonea wapi?

"Mlingoti. Simama anaposimama Mwokaji. Vaa kofia."

"Nivue nguo, afande?"

"Ukivua hata kitufe nakustaafisha leo. Simama tu."

Kiwembe alizunguka akatokea kichochoroni. Alikipita kwenda, akakipita kurudi. Akasimama kwa vidole vya miguu. Mwisho akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri, akapanda juu ya jiwe lililokuwa limeegemea ukuta na kuchungulia kwa shida zake zote, huku muuza maji aliyekuwa akipita akimtazama kwa masikitiko.

"Mlingoti!" aliita. "Uko hapo?"

"Niko, afande!"

"Naona kofia yako tu. Na Mwokaji anakufika wapi?"

"Kwapani, afande."

"Basi yeye asingeonekana hata nywele."

Muuza maji akauliza, "Mama, umepoteza nini humo?"

"Kiuno cha mtu," alijibu Kiwembe, akashuka kwenye jiwe.

*

Kwa Bibi Ghorofa kuku ndio waliofungua mkutano. Walikuwa wamejazana mlangoni, wakigombania kitu kigumu cheusi. Kiwembe aliinama, akakiokota, akakigonga kwenye ngazi. Kililia kama tofali. Kilikuwa mkate, umeungua juu na mbichi katikati. Akamrudishia kuku mwenye bidii zaidi, naye kuku akaonekana kujuta.

Bibi Ghorofa alimpokea sebuleni. Alikuwa mwanamke mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya kuendeshea mikutano. Mkaza mwanawe, binti mchangamfu, aliwaletea maji ya kunywa akakaa pembeni kwa heshima.

"Nimeshasema yote," alisema Bibi. "Nilikuwa napita. Nikaona. Nikaudhika. Mnataka niudhike mara ngapi?"

"Ulikuwa unapita kwa miguu, bibi?"

"Kwa nini, ulitaka nipite kwa mbawa?"

"Nauliza kwa sababu konstebo wangu ndiye mtu mrefu kuliko wote kituoni. Nimemsimamisha uani nikaona kofia. Ili wewe uone kiuno, ulipaswa uwe juu ya lori."

Bibi akanywa maji. "Mimi macho yangu ni mazuri."

"Macho hayapindi ukuta. Kuku wako wanakula mkate ulioungua. Nani anaoka humu ndani?"

Swali hilo lilimkuta Bibi pasipo na ngao. Mkaza mwana akaitikia kwa furaha ya mtu aliyepata zamu ya kusaidia. "Mama anajifunza! Anaoka kila mara, ila jiko letu lina matatizo."

"Jiko halina matatizo," alisema Bibi kwa ukali.

"Naomba nione chumba kinachotazama ua wa Mwokaji," alisema Kiwembe.

Kilikuwa stoo, juu. Dirisha lake lilikuwa limepakwa rangi nyeupe kwa ndani, kama kanuni za ujenzi zinavyotaka kwa dirisha linaloangalia ua wa mwenzio. Lakini katikati ya rangi palikuwa pamekwanguliwa duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Kiwembe, ambaye si mrefu wala mfupi, alilikuta duara juu ya paji la uso wake. Chini ya dirisha palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda zilikuwa nyayo mbili ndogo za unga, zimetulia, nyayo za mtu aliyekuwa na nafasi ya kukaa.

Akapanda kigoda, akachungulia. Mlingoti alikuwa bado kule chini kama alivyoachwa, na sasa alionekana wote, kisogo mpaka viatu. Mbele yake mdomo wa tanuri ulionekana wazi, na kila kitu kinachoingia na kutoka.

"Hapo hapo ndipo nilipomkuta mama siku ile!" alisema mkaza mwana. "Nilikuja kuchukua kitunguu. Mama akageuka akapiga kelele, 'Njoo umwone mshenzi huyu!' Nikaona, jamani! Nikamwambia mume wangu, naye akasema hili haliishi hivihivi, lazima polisi. Mama alikuwa hataki hata kwenda, ni sisi tuliomsukuma."

Bibi Ghorofa alikuwa amegeukia magunia.

Kiwembe alishuka kwenye kigoda. Naye alikuwa na mama mkwe, na alijua kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya mke wa mtoto. "Binti yangu, nenda kamchukulie maji konstebo wangu. Yuko juani kwa Mwokaji, amesahaulika."

Binti alipoondoka, alifunga mlango.

"Bibi, nitasema kwa kifupi, nina watoto wanaongoja chakula. Kumwambia polisi uongo ni kosa. Kukwangua dirisha ili kuchungulia ua wa mtu ni kosa. Kwa jalada hili, mwenye makosa mawili ni wewe, na Mwokaji hana hata moja. Sasa niambie ulikuwa unatazama nini, maana mtu anayetazama uchi haji na unga miguuni."

Bibi alikaa juu ya kigoda kile kile. Sauti ya mikutano ilikuwa imemwisha.

"Tanuri," alisema.

"Nilijua."

"Mwanangu alikula mkate wangu miaka yote. Huyu binti alipoolewa akaleta wa Mwokaji. Mwanangu akauma kipande, akasema mbele yangu, 'Huu ndio mkate. Wa mama ulikuwa wa kujengea msingi.' Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaja huku nikakwangua rangi." Akapangusa pua kwa ncha ya kitambaa. "Kuna kitu anakiweka ndani kabla ya kufunga mlango wa tanuri. Kila mara nikikaribia kukiona, yule bwana anainama."

"Na akiinama..."

"Akiinama unaona yasiyokuhusu, tanuri huoni. Basi siku hiyo nageuka, mkaza mwana huyo mlangoni. Ungekuwa wewe, ungesema nini? 'Niache kidogo, najifunza mkate'? Nilipiga kelele ili nisiulizwe."

Kiwembe alivuta hewa, akaitoa taratibu. Kicheko kilikuwa karibu, akakirudisha.

"Mficha uchi hazai, bibi. Ungeuliza tu dukani. Sasa unamfungia mtu tanuri, naye ana watoto wanne wa kulisha."

"Sikujua habari ya kufunga tanuri! Nilidhani ataambiwa tu avae suruali."

"Utaandika upya maelezo. Ulikuwa wapi, umesimama juu ya nini, umeona kupitia wapi. Sababu ya mkate iandike ukipenda, sheria haiihitaji. Sheria inataka mahali. Na leo hii unapaka rangi dirisha hilo."

"Na mkaza mwana?"

"Mimi ni polisi, si mshenga. Lakini kwa Mwokaji utakwenda mwenyewe, kwa mlango wa mbele."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya mara mbili. "Kwa hiyo alikuwa stooni kwake."

"Juu ya kigoda. Hadharani hakuna aliyeona wala angeweza kuona. Na nia ya kuudhi haipo. Mtu anayetaka kuonwa hatembei kinyumenyume kila siku ya maisha yake. Nina mashahidi foleni nzima, wote wanadhani ni adabu."

"Na huyu mama?"

"Kasahihisha maelezo kwa hiari kabla ya jalada kuondoka. Onyo linamtosha. Rangi ishaanza kukauka."

Mkuu wa kituo aligonga muhuri wa kufunga jalada, akauliza kwa sauti ya chini, "Anaweka nini ndani ya tanuri?"

"Afande, mimi sikutazama huko."

*

Asubuhi iliyofuata Kiwembe alisimama kwenye foleni kama raia. Alikuwa ameshampa Mwokaji onyo lake pia, fupi: uani ni kwako, ila dirisha hili ni la watu wote, na siku utakapojikwaa wakati wa kurudi kinyumenyume nitakuja mimi mwenyewe na pingu. Mama Mikate hakutaka kungoja siku hiyo. Usiku alikuwa ameshona aproni ya pili ya pamba, akaiunganisha na ya kwanza mabegani, wazi ubavuni ili upepo upite.

Mbele ya Kiwembe alisimama Bibi Ghorofa, mkoba kifuani. Zamu yake ilipofika alitoa mkate mweusi akauweka juu ya kaunta. Ulitoa mlio.

"Nisamehe," alimwambia Mwokaji, haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Na uniambie nakosea wapi."

Mwokaji aliushika mkate, akaubonyeza, akaunusa. "Moto ni mzuri. Unga ni mzuri. Maji huweki."

"Maji?"

"Bakuli la maji ndani ya tanuri, kabla ya kufunga. Mvuke ndio unaolainisha. Ungeniuliza siku yoyote ningekwambia, bibi. Hata Mama Mikate nilimwambia kabla hajakubali nimwoe."

"Ndiyo sababu nilikubali," alisema Mama Mikate. "Sura haikutosha."

Bibi Ghorofa alicheka mpaka akashika kaunta. Akanunua mkate mmoja, wa kulinganishia, alisema, akaondoka haraka kwenda kutafuta bakuli.

Mwokaji akaweka trei dirishani, akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kisigino kikitafuta njia.

"Geuka, bwana!" alisema mkewe. "Nyuma una nguo sasa!"

Mwokaji akasimama. Akapapasa nyuma kwa mkono mmoja, akahakikisha. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya wateja, akageuka akaenda tanurini akitembea kama watu wengine, mabega yakiwa yamelegea.

Yule mwalimu mwenye miwani alibaki ameshika mkate wake kifuani, uso umemshuka. Alimgeukia Mama Mikate, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeumizwa:

"Leo nimemkosea nini?"